Tumbo la Daraja la Heshima

Mwanangu, siku ninayoikumbuka ni ya mwaka 1993, mvua zikielekea kwisha. Siku hiyo tulimzika baba mkwe wangu, Kabeya. Nyumba yake tulikuwa tumekwisha kuipoteza, na mji wenyewe tuliuona ukitutoka mikononi. Naikumbuka vizuri, lakini usidhani ninaielewa. Watu husema kuishi kwingi ni kuona mengi. Ni kweli, ila hawaongezi kwamba mengine utayaona na hutayaelewa. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la sita kwa masista. Nitakueleza kama ilivyotokea, na pale nisipojua nitakuambia sijui.

Nianze na daraja, maana bila daraja hutaelewa tulichokuwa tunakiogopa.

Pale Likasi, mji wetu wa migodi, palikuwa na daraja dogo la mawe, juu ya kijito kilichotenganisha mitaa ya wafanyakazi na upande wa makaburi. Wazee waliliita Daraja la Heshima, kwa kuwa gari halikupita juu yake. Kila mwisho palisimamishwa nguzo mbili fupi za mawe. Mtu hupita, baiskeli hupita ikisukumwa, gari hukwama. Lilijengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya maandamano, ili wakubwa wavuke wamevaa nguo nyeupe, bendi ipige, na sisi weusi tusimame kando tupige makofi. Mawe yake yalitoka machimbo ya Kakontwe. Pembeni palikuwa na fito za shaba za kushikilia, ambazo nilipokuwa mtoto ziling'arishwa kila sikukuu mpaka unajiona uso.

Lakini ajabu ya daraja lile ilikuwa katikati. Pale lilipanuka pande zote mbili, kama mwanamke mwenye mimba, kisha likawa jembamba tena. Mahali hapo tulipaita tumbo.

Kwa nini lilikuwa na tumbo? Baba mkwe wangu alikuwa mmoja wa vijana walioletwa kutoka jimbo la mbali la Kasai kufanya kazi, na alibeba mawe ya daraja hilo mgongoni. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua, ni yeye. Jioni moja akinywa munkoyo wake, kinywaji chetu cha mahindi, aliniambia, "Tulianzia ng'ambo mbili. Sisi batu ya Kasai uku, benyewe ya apa kule. Kufika katikati, mawe inakosana, kipimo ya mukono hivi. Muzungu akakasirika, akasema mupanue apo, ifichike. Njo ile tumbo."

Niliipenda habari hiyo. Nilimsimulia kila mtu. Halafu siku nyingine, mbele ya wageni, nikamsikia akisema tumbo lilikuwa kwenye mchoro tangu mwanzo, kwa ajili ya bendi kusimama wakati wakubwa wanapita.

"Papa," nikamwambia wageni walipoondoka, "ile ingine uliniambia je?"

"Yote mbili ni kweli," akasema, akicheka. "Miye nilikuwa chini, nabeba mawe. Mawe haina na mudomo."

Basi mpaka leo sijui. Waliochora wamekwenda, waliobeba wamekufa.

Ninachojua ni kile ambacho watu wa mji walikifanya na lile tumbo baada ya wakubwa kuacha kuandamana. Walilifanya mahali pa kupokezana maiti. Desturi ilikuwa hivi. Wafiwa humbeba marehemu wao kutoka nyumbani mpaka katikati ya daraja, si zaidi. Hutoka nyumbani na viti viwili, na pale tumboni huliweka sanduku juu ya viti hivyo, maana sanduku haliruhusiwi kugusa mawe ya daraja. Kisha watu wasio na damu moja na marehemu huja kutoka ng'ambo ya makaburi, wakiwaelekea wafiwa. Mmoja wao huuliza, "Nani huyu?" Mfiwa hutaja jina. Wao hujibu, "Tunampokea," nao huliinua sanduku na kwenda nalo mpaka kaburini. Mfiwa kulivusha sanduku lake mwenyewe kulikuwa ni aibu kubwa. Maana yake mji wote umekukataa, huna hata jirani.

Nani alianzisha desturi hiyo? Wengine husema padri mmoja wa zamani. Wengine husema wabebaji walichoka tu, wakaomba msaada. Sijui hilo pia. Lakini niliiona tangu utoto, na sikuwahi kuona sanduku lililokosa wa kulipokea.

Sasa, mwaka ule.

Wewe umesikia kwamba watu wa Kasai walifukuzwa. Mimi ni wa Kapolowe, hapo jirani, kwa baba na mama, ingawa nilikulia Likasi, na nilikuwa nimeolewa na Kazadi, mtoto wa Kabeya, aliyezaliwa Likasi na asiyejua njia ya Kasai hata kwenye ramani. Maneno yalianza juu, kwenye mikutano na redioni, yakateremka mpaka kisimani. Watu tuliochota nao maji wakaanza kutuhesabu kuwa wageni. Kazi zilikuwa zimekwisha, viwanda vimenyamaza, njaa imeingia kila nyumba, na mtu mwenye njaa akionyeshwa adui, hamwangalii usoni mara mbili.

Aliyetutoa nyumbani alikuwa Papa Mwape, jirani wa mbele yetu. Huyo ndiye mtu aliyekunywa munkoyo na baba mkwe wangu kila Jumapili baada ya misa. Alikuja asubuhi na watoto wake wawili wa kiume, akasimama mlangoni, macho chini.

"Papa Kabeya," akasema, "naomba mutoke. Kama si miye, bengine batakuya, na bale batavunja mulango na vichwa."

"Weye hautavunja?" baba mkwe akamwuliza.

"Miye nitaikala. Nyumba itabakia muzima."

Baba mkwe wangu akaenda kuvaa viatu. Je, Papa Mwape alituokoa au alituibia? Nilijiuliza siku ile, na ninajiuliza mpaka leo. Jioni ileile aliingia na mke wake na vyombo vyake. Vyetu aliviacha humo humo ndani, akavitumia.

Tukaenda stesheni, kama wenzetu wote, kungoja treni ya kwenda Kasai. Treni yenyewe ilikuja ilipotaka. Tulilala kwenye banda la mizigo, watu kama samaki kwenye kikapu. Kaka yangu alinifuata kutoka Kapolowe.

"Weye ni mutoto ya Kapolowe," akaniambia. "Unafanya nini na bale batu? Kamata mutoto, tuende."

"Bwana yangu iko apa."

"Bwana yako iko na fasi kwabo kule."

"Kule ni wapi, kaka? Weye ulishafikaka?"

Alinitukana kidogo, akaniachia mfuko wa unga, akaondoka. Ndugu ni hivyo, mwanangu. Ulimi wake ulinifukuza na mkono wake ulinilisha, katika dakika moja.

Baba mkwe wangu alianza kuharisha, kisha kifua kikambana. Hakuna dawa tuliyoipata. Alfajiri moja mama mkwe wangu, Ngalula, aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mama Odile, kuya unisaidie. Papa amekwisha." Odile ndiye mtoto wangu wa kwanza, na mama mkwe hakuwahi kuniita kwa jina langu la kuzaliwa, aliniheshimu hivyo.

Wanaume wa pale bandani walitengeneza sanduku kwa mbao za kreti. Lilikuwa na maandishi ya kiwanda upande mmoja. Tukaligeuza, maandishi yakatazama chini.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Chini kidogo ya daraja kulikuwa na mahali ambapo kijito hakina kina kirefu na mtu anavuka kwa kukanyaga mawe. Mimi nilitaka tupite huko. Nilimwogopea mama mkwe wangu. Niliona picha ile kichwani mwangu: sanduku limefika tumboni, na upande wa pili hakuna mtu.

"Mama, tupite chini, ku mawe," nikamwambia. "Ku daraja hakuna mutu atatupokea."

"Bwana yangu alijenga ile daraja. Atapita ku mawe sawa mwizi ya mbuzi?"

"Na kama batu habakuye?"

"Tutangoja."

"Tutangoja mpaka wakati gani, Mama?"

Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni. "Miye sina pa kwenda. Weye uko na randevu, batu banakungoja?"

Hata Kazadi, akilia, alicheka. Basi tukapita darajani.

Waliobeba walikuwa Kazadi na wanaume watatu wa bandani, watu wa Kasai kama yeye. Tulipofika niliona fito za shaba zimekatwa zote na kubebwa. Yalibaki matundu tu kwenye mawe. Ukiteleza unaanguka majini. Tukaenda kwa mstari, katikati kabisa, pole pole. Tulipofika tumboni, wabebaji wakasimama. Na hapo ndipo tulipokumbuka, kama watu walioamshwa usingizini, kwamba hatukuwa na viti. Mfiwa hutoka na viti nyumbani kwake. Sisi nyumba hatukuwa nayo.

"Musiweke chini," mama mkwe akasema.

Wakabaki nalo mabegani.

Ng'ambo, vijana walikuwa wamekaa juu ya zile nguzo fupi za mawe, vitambaa vimefungwa vichwani, kama walivyofunga siku zile waliotufukuza. Mmoja akapaza sauti.

"Batu ya Kasai, treni iko kule. Munapotea njia."

Mwingine akaongeza, "Uyu mwenyewe tayari iko na tiketi."

Wakacheka. Mama mkwe wangu aliwaangalia kama anavyowaangalia watoto wanaochafua ua.

"Njo vile, mwanangu," akamjibu. "Na yako itafika. Siku ile utaomba batu gani bakubebe? Bale unafukuza?"

Kicheko kikaisha, lakini hakuna aliyeshuka. Mama mmoja aliyekuwa anakuja na furushi la majani ya muhogo kichwani alisimama, akatutazama, akatua mzigo wake. Mwanamke habebi sanduku. Lakini hakuondoka, alisimama tu nasi, kwa mbali, mkono mdomoni.

Jua likapanda. Kazadi aliingiza kiganja kati ya ubao na bega. Mmoja wa wale watatu alikuwa ametoka kuugua, jasho likamwingia machoni na hakuwa na mkono wa kujifutia, nikaenda nikamfuta kwa kitenge changu. Nikasema, "Mama, tuvuke wenyewe. Mungu anatuona." Kazadi akasema, "Ni kweli, Mama." Mama mkwe akakataa kwa kichwa. Nilimkasirikia, mwanangu, nakwambia kweli. Niliona anamwua mtoto wake kwa ajili ya heshima ya daraja lisilo na hata fito za kushikilia.

Ndipo tuliposikia hatua nyuma yetu, kutoka upande wa mitaa. Alikuwa Papa Mwape na watoto wake wawili. Begani alikuwa amebeba viti viwili.

Nilivijua viti vile. Kimoja kilikuwa na mguu ambao Kazadi aliufunga kwa waya. Vilikuwa viti vyetu, kutoka nyumba yetu, nyumba aliyoikalia.

Hakusalimia mtu. Alipita kando yetu palipo na upana wa tumbo, akavitua viti, akavipanga vikiangaliana. Wabebaji wakalishusha sanduku juu yake, wakainama wakishika magoti yao. Yeye na wanawe wakaendelea mbele mpaka mwisho wa daraja, upande wa makaburi. Akawaambia wale vijana jambo ambalo sikulisikia. Mmoja aligeuza uso. Yule aliyetaja tiketi alifungua kitambaa kichwani, akakitia mfukoni, akashuka. Kisha wote wanne wakageuka, wakaanza kurudi wakituelekea, kama watu wa ng'ambo waliokuja kupokea.

Damu ilinipanda. Nikasimama mbele ya sanduku.

"Uyu hapana," nikasema. "Asiguse. Viti ni yetu, nyumba ni yetu. Mwizi habebi Papa."

Papa Mwape alisimama. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikia jambo alilokwisha kujiambia mwenyewe.

Mama mkwe wangu alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akanivuta pembeni. Alinisemesha taratibu, karibu na sikio.

"Weye unataka kushinda maneno, ao unataka kuzika?"

"Mama, uyu ni..."

"Najua ni nani. Miye sikusahau nyumba. Lakini sasa anakuya kubeba. Acha mutu abebe. Ukimufunga mulango ya ile muzuri moja, atabakia na mubaya tu, na weye utabakia na maiti ku mikono."

Nikabaki pembeni. Si kwa kuwa nilikubali. Nilibaki kwa sababu nilikuwa mkwe na yeye alikuwa mjane.

Papa Mwape akasogea, akauliza kama desturi inavyotaka, "Nani uyu?" Alikuwa amemjua marehemu tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Neno la pili lilikatika, akalirudia.

Kazadi alifungua mdomo ajibu, mama yake akamtangulia.

"Ni Kabeya," akasema. "Jirani yako."

Kijana aliyevua kitambaa alitazama miguu yake.

"Tunamupokea," Papa Mwape akasema.

Wakaliinua. Yeye mwenyewe alishika mbele, upande wa kichwa, nasi tukafuata nyuma mikono mitupu, kama wafiwa wanavyotakiwa kufuata. Yule mama wa majani ya muhogo alikuja pia. Kaburini Papa Mwape aliteremka shimoni kupokea sanduku, akapanda juu na udongo mpaka mabegani. Hakutoa hotuba, na hakuomba msamaha. Nilingoja aombe. Nilimtazama kila dakika nikifikiri, sasa ataomba.

Tuliporudi darajani alivichukua viti.

"Mama Ngalula, natwala viti," akasema.

"Twala," mama mkwe akajibu.

Akaviweka begani na kwenda navyo nyumbani, nyumbani kwetu. Nasi tukarudi bandani. Nyumba ile hakuirudisha kamwe. Alifia humo miaka mingi baadaye, na wanawe wako humo hadi sasa. Kazadi aliporudi Likasi, mambo yalipokuwa yamepoa, alimwamkia njiani kila siku na hakuwahi kuingia ndani. Sasa Kazadi naye amepumzika.

Mwanangu, nimeishi na jambo hili muda mrefu. Kuna siku nilimwita Papa Mwape mtu mwema moyoni mwangu, na nyumba yetu ikanilalamikia. Kuna siku nilimwita mwizi, na bega lake lenye udongo likanijia machoni. Kila nilipotaka kumpa jina moja, nilijikuta nasema uongo.

Kwa hiyo shika hili, ndilo nililo nalo. Mtu aliyekukosea akija kutenda jema, usimfungie mlango. Lipokee jema lake kwa mikono miwili, hasa kama aliye begani ni marehemu wako. Lakini usikubali jema hilo lifute kosa. Usiseme basi, nyumba haikuwa yetu. Usiseme pia hakutubeba. Yataje yote mawili kwa majina yake, hata kama yanakuchanganya kichwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mkweli ni ndefu, nayo ina kona ambazo hazionyeshi mbele. Na siku jirani yako atakapofukuzwa, usingoje afe ndipo umpelekee viti. Hilo naliongeza mimi.

Umeniomba baraka, nami ya kukutungia sina. Ninakupa ile niliyopewa, nayo niliipokea hivi. Treni ilikuja siku chache baada ya mazishi. Odile alikuwa na surua, na mabehewa yalikuwa wazi kwa jua na mvua, hivyo ikaamuliwa mimi na mtoto tubaki, Kazadi amsindikize mama yake. Nilimsaidia mama mkwe kupanda. Nilipomwona amekaa juu ya furushi lake nikamwuliza, maana sikuweza kumwacha aende bila kumwuliza, "Mama, uyu Papa Mwape, tumuite nani?"

"Alibeba bwana yangu," akasema. "Na nyumba ni yetu. Ni maneno mbili, Mama Odile. Usiifunge na kamba moja."

"Sielewe, Mama."

"Na miye sielewe. Leta kichwa."

Nikasogeza kichwa kwenye ubao wa behewa. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akanichora msalaba kwenye paji la uso, na mwingine kwa Odile niliyekuwa nimembeba mgongoni. Akasema, "Mungu akupe batu ya kukubeba, na akupe bega ya kubeba bengine. Usikauke roho." Behewa likashtuka, mkono wake ukanitoka usoni, na treni ikaondoka.